Mashine ya Kurudisha Maneno Yaliyokatwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa zoni yetu ya Juru. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye naambiwa yuko njiani kwa baiskeli. Waheshimiwa viongozi wa vijiji vyote vya makazi haya ya wakimbizi ya Nakivale, mliopo, mliotoa udhuru, na mliokuwa mnapita tu mkaona hema mkaingia. Padri wetu pamoja na kwaya yake, ambayo imeimba vizuri hata kabla ya kuombwa, na ambayo sasa naiomba ipumzike. Afande Goreti, mwakilishi wa familia za wanajeshi kutoka kambini Mbarara, na akina mama wote uliokuja nao kwenye lori. Ssebo Naboth, mfugaji mashuhuri kutoka Masha, ambaye mchango wake katika shughuli ya leo nitautaja mwishoni kwa sababu maalumu. Bwana Meddy, bodaboda wa Kakoba, aliyeleta jenereta na spika hizi kwa pikipiki moja kutoka mjini bila kuangusha chochote isipokuwa ile spika ya tatu. Wakulima wa maharage, wakulima wa mahindi, wenye vibanda, wenye nyungo na wenye maoni. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna aliyeachwa nitairudia yote tangu mwanzo. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Usirudie, tafadhali!")

Kwa wale wasionifahamu, na nikiangalia nyuso zenu naona ndio wengi, mimi naitwa Yokonia Barugahare, Kaimu Naibu Mkurugenzi wa Kanda anayeshughulikia Mahusiano na Jamii, Uhifadhi wa Sauti na Mambo Mengine Yatakayojitokeza, katika kampuni inayomiliki programu yenu pendwa ya simu iitwayo Nijibu. Cheo hiki ni kirefu, sikatai. Wamiliki walipobadilika mara ya kwanza waliniongezea neno moja wakaninyang'anya dereva. Walipobadilika mara ya pili wakaniongezea maneno mengine wakachukua na ofisi. Mara ya tatu wakaniongezea hilo la "Kaimu," na tangu hapo naendeshea shughuli zote za kanda kwenye benchi la mama mmoja anayechoma chapati Kakoba, ambaye nampongeza kwa uvumilivu wake wa kitaasisi. Kofia hii niliyovaa ni ya wamiliki wa pili, fulana ni ya wa tatu, na hawa wa nne hawajatuma kitu, kwa hiyo suruali ni yangu binafsi. (Kicheko. Afande Goreti: "Na imepasuka!") Asante, afande. Nimeipokea hoja hiyo na itafanyiwa kazi.

Niseme pia kwamba Kiswahili hiki mnachokisikia, chenye uzito na heshima ya kiserikali, sikukipata chuo. Baba yangu alikuwa koplo, mimi nimekulia kambini Mbarara, na kule Kiswahili tulikipata kwa kufokewa. Ndiyo maana mpaka leo nikisalimia mtu anasimama wima. (Kicheko kutoka upande wa akina mama wa kambini.)

Ndugu wadau, ili tujue tunakokwenda ni lazima tufanye tathmini ya kina, kwa mapana na marefu yake, ya kule tulikotoka. Nijibu ilizaliwa katika chumba kimoja Kakoba, juu ya kinyozi, na wazazi wake ni Faizo aliyekuwa fundi wa simu na Stellah aliyekuwa akimsubiri amtengenezee ya kwake. Simu haikutengenezeka, lakini katika kule kusubiri wakaunda kitu. Ukiifungua ulikuta picha mbili basi: picha ya mdomo na picha ya sikio. Unagusa mdomo, unasema. Mwenzako anagusa sikio, anasikia. Hakuna kusoma, hakuna kuandika, hakuna nenosiri, na ilikubali hata ile simu yako uliyoifunga kwa raba ili betri isianguke. Ulisema mpaka umalize. Kama hadithi yako ilikuwa ndefu kutoka hapa hadi Isingiro, Nijibu iliibeba yote.

Na jamani, tulikipenda kitu kile! Naweka maneno ya ofisi pembeni kidogo, maana hapa ni moyo unaosema. Misiba ilitangazwa humo. Harusi zilitangazwa humo, na zilizovunjika pia. Askari akiwa mbali alimwimbia mtoto wake alale, na kambini mama akaweka simu kwenye mto. Na hapa kwenu, mtu aliyepotezana na watu wake njiani wakati wa kukimbia alitaja jina lake, akataja na jina la kilima cha kwao, akaacha sauti yake ielee. Siku moja mtu wa kilima kile kile akagusa sikio, akaisikia, akaangusha jembe. Niliona kwa macho yangu hapa sokoni Juru mwanamke amekumbatia simu analia, na muuza nyanya analia naye bila kujua sababu. Mimi mwenyewe nililia, nikasingizia kitunguu. (Makofi marefu. Mtu mmoja: "Ni kweli kabisa!")

Sasa, kitu kikipendwa hivyo, wenye mitaji huja. Ikaja kampuni ya Kampala, yenye viyoyozi, ikainunua Nijibu ikasema haitabadilisha chochote, na mimi nilisimama kwenye hema kama hili nikawahakikishia hivyo hivyo kwa sauti hii hii. Ikabadilisha jina kuwa Nijibu Plasi. Kisha ikaja kampuni ya ng'ambo ambayo kazi yake ya asili ni magodoro, ikasema ina dira ya kuunganisha usingizi na mawasiliano. Nikasimama tena nikaisifu dira, nikapewa kofia. Ikaleta nenosiri. Halafu ikaja kampuni ya tatu, iliyoleta matangazo ya kamari, yakawa yanaingia katikati ya sauti, hivi kwamba tangazo la kifo cha mzee wetu mmoja lilisikika likisema: "Ndugu, kwa huzuni kubwa tunawajulisha kwamba... leo ni zamu yako kushinda!" (Miguno.) Nikaitwa na familia, nikaenda, nikaeleza kwamba huo ni uboreshaji wa huduma kwa mteja. Nilitoka pale mbio, na kiatu kimoja nilikiacha kikiendelea na majadiliano.

Lakini jambo lililotuleta hapa leo, waheshimiwa, ni lile agizo la wamiliki wa nne, hawa wa sasa, ambao hatujaonana nao ana kwa ana wala kwa sauti. Hao wataalamu, baada ya upembuzi yakinifu uliofanyika mahali fulani penye baridi, waligundua kwamba binadamu wa kisasa hana subira, wakaamua kwamba ujumbe wa sauti usizidi muda wa mtu kupiga chafya mara mbili na kujifuta. Ukizidisha, unakatwa. Mkia wote unaondoka.

Hawakuuliza. Mimi pia sikuwaambia, maana hakuna aliyenipigia, na ningepigiwa ningesema "ndiyo, bosi" na kutikisa kichwa juu yake. Kwa maana kila mtu hapa Juru anajua kwamba hakuna Mrundi mwenye adabu anayeanza na habari. Unaanza na amahoro, yaani amani. Mama, amahoro? Watoto, amahoro? Wakwe, amahoro? Jirani yule aliyekuwa na mguu, mguu umepona? Maharage yameota? Mvua imewafikia? Mbuzi amezaa? Ukishapita hapo, na mwenzako ukimwazia kwamba naye amekujibu moja moja, ndipo unakohoa na kusema lile lililokuleta. Sasa chafya mbili zinafika wapi? Zinaishia kwenye mguu wa jirani! (Kicheko kikubwa. Padri anafuta macho.)

Nikatoa ushauri wa kitaalamu. Nikapita kijiji kwa kijiji na spika ya mkononi nikiwaambia: ndugu zangu, salamu ziwe kwenye ujumbe wa kwanza, habari ziwe kwenye wa pili. Mkaitikia vizuri sana, mkanipa na mahindi ya kuchoma. Na mkatuma ujumbe wa pili. Na huo wa pili mkauanza kwa amahoro! (Kicheko.) Nikauliza kwa nini, nikaambiwa: "Patron, kwani mutu akitoka kwako akarudi, anaingia bila hodi?" Nikaendelea na mahindi yangu. Mtu mmoja alituma mfululizo kutwa nzima mpaka betri ikafa, na upande wa pili walipata salamu peke yake, wakabaki wanajua kwamba wanapendwa sana na hawajui kwa nini.

Takwimu, mabibi na mabwana! Sherehe haiwezi kuitwa rasmi bila takwimu. Makao makuu walifanya uchambuzi wa kisayansi wa sauti zote zilizotoka Nakivale, wakakuta kwamba asilimia mia moja ya ujumbe wenu ni amani, afya na mbuzi. Wakafurahi! Wakaandika kwamba hii ndiyo jamii yenye furaha kuliko zote kwenye mtandao wao, na kwa kuwa hakuna hata mtu mmoja aliyefikisha tatizo, dawati la malalamiko likafungwa. Aliyekuwa amekaa kwenye dawati hilo ni mimi. Nilipongezwa kwa kazi nzuri, na kiti kikachukuliwa. (Makofi na kicheko. Mwanamke mmoja amesimama katikati, ameinua mkono.)

Naona mkono. Mama, maswali yako mwishoni kwa mujibu wa ratiba. (Mkono haushuki. Watu: "Mwache aseme!") Haya, kwa idhini ya Mwenyekiti, mpelekeeni maikrofoni.

("Amahoro, patron. Amahoro, Padri. Amahoro kwa baba na mama bote. Na bale ba kambini, mumefika muzuri? Njia haikuwasumbua? Na wewe mwenye pikipiki, watoto ni wazima? Eee. Miye naitwa Concilie, niko mulimaji wa maharage hapa Juru. Mutoto yangu Audace tulipotezana mu njia ya kukimbia. Juzi akatuma sauti kwa simu ya kuazima. Alinisalimu, akasalimu wadogo yake, akasalimu hata ule mbuzi tuliacha. Kiisha akasema, 'Mama, nimefika ku...' Ikakatika. Sasa nauliza tu, patron. Amefika fasi gani?")

Mama Concilie, asante sana kwa swali lako zuri, la msingi na lenye tija. Nimelisikia. Kwa faida ya wageni wetu wa kambini, nifafanue kwamba Mama hawezi kumjibu mwanawe, kwa sababu kila akigusa picha ya mdomo anadaiwa nenosiri ambalo hajawahi kupewa, na mwenye ile simu aliyoazima Audace amekwisha kuondoka nayo. Kwa hiyo Mama anacho kipande cha kwanza cha sauti, na anakisikiliza kila siku, na mkia wake umebaki huko ulikobaki. Mama, swali lako ndilo hasa limenileta. Kaa kitako. (Hakai.)

Kwa maana kwa kulitambua hilo, na kwa kuzingatia mustakabali wa sekta mtambuka za upendo na undugu, kampuni yetu, kwa ushirikiano wa karibu na yenyewe, leo hii inazindua rasmi Kituo cha Kikanda cha Kuhifadhi na Kurudisha Maneno Yaliyokatwa! (Vigelegele. Kwaya inaanza kuimba, inaombwa tena ipumzike.) Na hiki kilicho nyuma yangu, kilichofunikwa kwa kitambaa cha bluu, ndicho moyo wa Kituo. Ni seva ya kisasa. Isikilizeni inavyonguruma! Ndani yake, kwa teknolojia ambayo nikianza kuieleza nitawachosha na nitajichosha mwenyewe maana siijui, mtarudishiwa mikia yote: kila "nimefika ku," kila "amejifungua mtoto wa," kila "usiuze lile shamba kabla." Kila mtu atapata neno lake lote mpaka nukta. (Makofi ya kusimama. Wengine wanalia.)

Tutakuwa na chumba cha kusikilizia chenye viti. Tutakuwa na wahudumu wanaosalimia. Tutakuwa na tawi Kakoba, na tawi kambini, na tawi Masha kwa ajili ya wafugaji, ambao nao wana mengi ya kusema ingawa huyasema kwa ng'ombe. Awamu ya kwanza itakamilika kabla ya awamu ya pili. Ya pili itategemea ya kwanza. Huo ndio mkakati, na mkakati huo... (Concilie amepita kati ya viti, amefika mbele, amepiga magoti na kuweka sikio kwenye kitambaa cha bluu.) Mama. Mama Concilie, bado haijazinduliwa. Utepe haujakatwa, nyabo. (Afande Goreti: "Mwache, Barugahare. Na wewe fupisha.") Naam. Mnaona wenyewe, waheshimiwa, mwitikio wa wadau ulivyo mkubwa. Tuendelee akiwa hapo hapo.

Je, wako wanaobeza? Wapo. Faizo na Stellah, wale wazazi wa Nijibu, niliwaalika, wakasema hawaji. Faizo amerudi kubadilisha vioo vya simu, na ukimtajia Nijibu anakuuliza kama una kioo kilichopasuka. Stellah aliniambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya Padri, lakini kiini chake ni kwamba mimi nimesimama kwenye kila mazishi ya kitu kile nikiwa nimevaa nguo za harusi. Nilimjibu kwamba mtumishi wa umma wa kampuni binafsi hana budi kuvaa anachopewa. Akaangalia suruali yangu akacheka. (Meddy anaonyesha jenereta kwa kidole, kisha anapitisha kidole shingoni.) Nimeona, Bwana Meddy. Naambiwa mafuta yanaelekea kwisha, na kwa hiyo ukurasa wa salamu kutoka kwa wamiliki nitauruka, hasa kwa vile hawakuzituma.

Nihitimishe basi kwa kauli mbiu zetu, nami nikisema mnaitikia. Nijibu! ("Nikujibu!") Salamu ndefu! ("Undugu mrefu!") Mkia wa neno! ("Urudishwe!") Urudishwe lini? ("Leo!") Hapana, hapo kwenye ratiba imeandikwa "hivi karibuni." Turudie. Lini? ("LEO!") Kale, haya. Nashukuru kwa shauku.

Na sasa shukrani, kwa ufupi, maana jenereta inakohoa. Namshukuru Mwenyekiti kwa hema hili, ambalo tunalirudisha sasa hivi kwa sababu kesho lina harusi. Namshukuru yule mama wa chapati kwa kitambaa cha bluu, ambacho ni cha meza yake, na ameomba kisilowe. Kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Ssebo Naboth wa Masha kwa kutuazima tangi lake la kupozea maziwa, ili shughuli iwe na kitu cha kufunika, na naomba wasaidizi walibebe taratibu kwa sababu lina maziwa ya jioni ndani yake. Nawashukuru wamiliki wa nne, ambao wiki iliyopita waliiuza Nijibu kwa wamiliki wa tano, na hao wa tano nawashukuru kwa kupokea simu yangu na kuniambia kwa upole kwamba hawajawahi kusikia habari ya kituo chochote, wala ya Juru, wala ya Barugahare. Naushukuru pia ukweli wenyewe, nilioambiwa na Faizo akiwa na kioo cha mtu mkononi, kwamba mikia ile haikuwekwa popote. Ilikatwa ikatupwa, kama nywele kwa kinyozi. Hakuna seva yenye neno lenu hata moja. Mradi huu, ndugu wadau, umezinduliwa na kufungwa leo kwa mafanikio makubwa, kwani haukuwahi kuwapo, na mimi nilikuja kwa sababu nilikwisha kuahidi na sikujua namna nyingine ya kuwaeleza isipokuwa kwa hotuba. Ahsanteni kwa kunisikiliza. (Hakuna makofi. Mtu mmoja: "Bannange, jamani!" Naboth anaangalia viatu vyake.)

Mama Concilie. Mama, inuka, hayo ni maziwa. (Anainuka. Anapangusa magoti. Ananyoosha mkono.) Unataka nini, mama? Maikrofoni? Lakini mafuta ya... Haya. Chukua.

("Audace, uko fasi gani?" Watu wanaangaliana. "Mutu mwenye amemuona mutoto yangu Audace, aseme. Bale ba Mbarara, bale ba kambini, na ule mwenye pikipiki, mwende mukiuliza. Audace, mutoto wa Concilie. Mama yake iko Juru." Anarudisha maikrofoni.)

Mama... hukusalimia. Hata mtu mmoja. Wewe, wa hapa Juru?

("Salamu yake nimeiweka. Nitamupa akifika.")

Meddy. Usizime jenereta kwanza, wako wengine wenye majina ya kutaja. Mwenye mafuta kidogo kwenye pikipiki yake, tafadhali, alete hapa mbele.